Dagaa Wasio na Vichwa

Mwamgongo,
2 Septemba 2024

Kwa Dismasi,

Barua hii inakuja na Pastory nahodha, mpe chai kabla hujaifungua. Simu usinipigie. Mtandao hapa ni mpaka upande kilimani, na ukifika juu unakuta nusu ya kijiji wamekufuata kusikiliza.

Nimeamua kufungua mgahawa. Wageni wanaokuja Gombe kuona sokwe wanapita mbele ya mlango wangu wakitafuna biskuti, na mimi nina mikono miwili. Ila kabla sijanunua sufuria nataka kujua mjini siku hizi watu wanakula nini na wanakula wapi. Wewe una pikipiki na una tumbo. Zunguka, kula, niandikie. Kaka yangu aliniambia uliacha shule kidato cha pili kwa sababu kalamu ilikuwa nzito. Nataka nione kama imepungua uzito.

Jambo moja tu. Wiki iliyopita Pastory aliletewa chakula Kibirizi, kwenye kopo la plastiki, na kijana wa pikipiki asiyemjua. Hakuuliza kimetoka jiko la nani. Anasema walikuwa dagaa wakavu ndani ya mawese, na hawakuwa na vichwa, hata mmoja. Ukikuta jiko linalotoa vichwa vya dagaa, usiulize kitu. Niandikie tu ni wapi.

Kikapu cha dagaa nilichompa Pastory ni chakula, usikigeuze petroli.

Shangazi yako,
Leonia

*

Gungu, Kigoma,
6 Septemba 2024

Kwako Shangazi, mwenye mgahawa usio na sufuria,

Shikamoo. Mimi mzima, pikipiki nzima, baba analalamika. Yaani kila kitu kipo kama ulivyokiacha.

Umemchagua mtu mwenyewe. Hapa kijiweni madereva wengine wanaulizwa njia, mimi naulizwa msosi. Abiria akiniambia nimpeleke nyumba ya wageni namtazama kwanza midomo, nikiona mikavu nampitisha mahali akale. Hawajawahi kunilaumu. Mmoja alilia, lakini ilikuwa pilipili.

Nimeanzia sokoni Mwanga, kwa mama mmoja anaitwa Skolastika. Chapati zake zina kurasa nyingi kama daftari la mwanafunzi mwenye bidii, kwa hiyo si langu. Ukae benchi la ndani, la nje lina mguu mfupi na mchuzi utakumwagikia magotini. Mimi umenimwagikia.

Jioni nikaenda kwa Gasper, hapa hapa Gungu. Gasper ni Mrundi aliyekuja kununua sabuni akaoa. Ukifika anakwambia "amahoro", halafu hasemi tena mpaka mbuzi aive. Anachoma mishikaki na ndizi, na moshi wake, Shangazi, ule moshi una mikono. Unakushika shingo taratibu unakukalisha. Nilikaa nikashika kijiti kimoja nikasahau kukila, nikawa nawaza vitu ambavyo havina maneno, kama vile mtu ukiwa mdogo umebebwa mgongoni na nyumba zinarudi nyuma. Gasper akanigusa. "Wewe, unakula au unaomba?"

Kibirizi nimekula kwa Mama Nyota, Mkongo. Yeye anatwanga sombe, kisamvu cha kwao, mwenyewe na ugali wake wa muhogo anauita bukari. Unakaa umetazama ziwa. Milima ya kwao Kongo iko ng'ambo, ya bluu, na nakuapia ukifumba macho ukatafuna tonge moja, ukifumbua milima imesogea. Nilimwambia. Akasema, "Mwanangu, mimi kila siku naivuta kidogo kidogo, mwaka ujao nitakuwa nimeshafika." Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka sana.

Haya. Sasa tuache mchezo. Mimi niliacha shule, sikuacha akili. Unamtafuta Da Yunisi.

Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Umekaa kibarazani, ungo mapajani, unavunja vichwa vya dagaa kimoja kimoja, kwa sababu mwanao alikataa kula kitu kinachomtazama. Watu walikucheka. Mji huu wote, na Kongo yote, dagaa analiwa na kichwa chake na macho yake. Anayetoa vichwa ni wewe, na uliyemfundisha.

Mgahawa! Shangazi bwana.

Mwanao, bingwa wa kula Kigoma nzima,
Dismasi

*

Mwamgongo,
9 Septemba 2024

Dismasi,

Sikukutuma kufikiri, nilikutuma kula.

Lakini kwa kuwa umeshafungua mdomo, sikiliza vizuri, kwa sababu haya sijamwambia hata baba yako. Miaka sita iliyopita wazee wa Ujiji walikuja hapa na kijana wao, Abdulmajid, kumposa Yunisi. Niliwaacha wamesimama juani. Maji sikuwapa. Siyo kwamba kijana alikuwa mbaya, ila nilikuwa nimefiwa na mume mwaka ule, na nikaona wanakuja kunimalizia nyumba. Jioni yake Yunisi akashika kitambaa chake akashuka ufukweni. Nikamfuata nikamwambia mbele ya watu: ukipanda hiyo boti, nisikuone tena.

Watoto wa wenzangu hawatii. Wangu alinitii neno moja tu maishani mwake, nalo ni hilo.

Nilisikia walihamia Kasanga, huko kusini mwa ziwa. Sasa naona kama wamerudi. Ukimwona usimwambie nimekutuma. Tazama tu kama amenenepa au amekonda, na kama anacheka. Halafu uniandikie. Nikijua yuko vizuri nitanyamaza, sitamsumbua. Nikijua hayuko vizuri, hapo sijui.

Za Gasper na Mama Nyota nimezisoma mara mbili. Hiyo milima hata mimi nimewahi kuiona ikisogea, nikadhani ni macho.

Leonia

*

Gungu,
13 Septemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pastory ana haraka, kwa hiyo leo nakupa kwa kifupi.

Nimekwenda Ujiji juzi Jumatano. Nimekunywa kahawa kwa Mzee Abeid, mwenye birika la shaba na meno mawili. Kahawa yake chungu kama neno la kweli, unaishusha kwa kashata. Wazee wanabishana pale tangu adhuhuri kuhusu boti zilizooza kabla sijazaliwa, na ukikaa nao kidogo nawe unaanza kuzikumbuka. Nimekula vitumbua kwa Bi Mwanne. Vizuri.

Dagaa wasio na vichwa sijawaona. Vichwa vyote Ujiji viko mahali pake. Nimekagua mwenyewe.

Sasa nina maswali, kwa ajili ya mgahawa wako tu. Maharage ya mawese, mawese yanatangulia au kitunguu? Na mgeni akiwa hatakiwi kusimama karibu na moto, na moshi unamchefua, anapewa uji wa nini? Nauliza kwa sababu wageni wanachoka sana wakitoka kwa sokwe.

Wako,
Dismasi

*

Gungu,
20 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo na samahani kwa kukaa kimya. Kazi. Umaarufu pia ni kazi.

Jana asubuhi nilikuwa Kibirizi, nimekula kitu ambacho nikikuelezea utaogelea uje. Dagaa wabichi! Wametoka ziwani saa ile ile, wanarukaruka kama shilingi mpya, wametiwa kwenye mawese wakiwa bado hawajajua wamekufa. Ndimu, chumvi, basi. Watu wamepanga mstari mpaka majini. Mama Nyota akaniita mimi kwanza, akasema, "Mpisheni mtaalamu." Nilikula sahani tatu. Ziwa limetulia, jua linapanda, mitumbwi inaingia mmoja mmoja imejaa mpaka ukingo.

Kwingine pia nimekula, Katubuka, na Bangwe, na Mwanga tena. Kote kutamu. Kote hakuna vichwa vilivyopungua.

Hayo maswali yangu ya uji hukujibu.

Mtaalamu,
Dismasi

*

Mwamgongo,
23 Septemba 2024

Dismasi,

Mimi ni mjane wa mvuvi. Nimelala miaka ishirini na miwili pembeni ya mtu aliyekuwa akitazama mwezi kabla ya kunitazama mimi.

Jumatano mwezi ulikuwa mpevu. Siku za mbalamwezi hakuna mtumbwi unaosukumwa, kwa sababu taa ya mvuvi haimwiti dagaa wakati mbingu nzima ni taa. Hapa vijana wote walikuwa mchangani wanashona nyavu na kutukanana. Hiyo mitumbwi yako ya Alhamisi iliyojaa mpaka ukingo imetoka ziwa gani? Wavuvi wa Kibirizi wana mwezi wao?

Basi nikazitoa barua zako zote nikaziweka mkekani. Ya kwanza kuna benchi la mguu mfupi na mchuzi magotini. Ya mwisho, "kote kutamu." Mtu aliyekula kweli anasema na pale alipoungua ulimi. Wewe hujakula Kibirizi, wala Katubuka, wala popote. Mvulana wa umri wako asiyekula nje ana mahali anakula ndani. Na uji wa mtu asiyetakiwa kusimama, Dismasi, mimi nimezaa, huo uji naujua ni wa nani.

Umemwona.

Sikukasirikii. Niambie tu kama yuko hai.

Leonia

*

Ujiji,
25 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako tangu jana. Nilipofika pale pa mwezi nilicheka peke yangu kama mwizi aliyekamatwa na mbuzi. Nimedanganya trafiki, nimedanganya walimu, nimemdanganya mchungaji. Sikujua kuna mtu anamkagua mtu kwa mwezi.

Yuko hai. Anacheka. Hajakonda.

Nilimpata siku ile ile ya kahawa, tarehe kumi na moja. Mzee Abeid aliniambia kama nina njaa ya kweli nizunguke nyuma ya msikiti, kuna banda la bati la rangi ya kijani, niulize kwa Hadija. Nikaulizia kwa Hadija. Nikapewa maharage na dagaa. Nikashika dagaa wa kwanza, hana kichwa. Wa pili, hana. Moyo ukaanza kupiga kama injini isiyo na oili.

Nikasema, "Dada, hawa vichwa vyao vimekwenda wapi?"

Sauti ikatoka jikoni, "Umekuja kula au umekuja msibani?"

Halafu akatokea mlangoni kanitazama, tumbo limemtangulia. Akasema, "Wewe si Dismasi wa mjomba Martini? Uliyekuwa unakojoa ndani ya mtumbwi?"

Watu wote wa banda wakageuka. Nimekuwa bingwa wa kula miaka yote hii, Ujiji nzima sasa inanijua kwa mkojo.

Hadija ni jina lake la huku. Nikimwita Yunisi anaitika, lakini anachelewa kidogo, kama mtu anayetoka chumba cha nyuma. Walirudi kutoka Kasanga mwezi wa nne mwaka jana. Abdulmajid anafanya kazi kwenye boti ya mizigo, anakwenda kusini wiki tatu, anarudi siku nne. Ni mtu mpole. Anapiga pasi kanga za mkewe.

Shangazi, kaa chini hapa. Huyu mtoto ni wa tatu. Wawili wa mwanzo hawakufika. Mmoja Kasanga, mmoja njiani kurudi. Huyu ana miezi minane, na tarehe kumi na mbili muuguzi alimwambia alale ubavu wa kushoto, asisimame, asisogelee moto, mpaka siku yake. Nilimwambia nikuandikie. Akanishika mkono akaubana. Akasema, "Wawili nimewazika bila Mama kujua. Huyu nataka apelekewe mtoto mwenyewe akiwa analia. Sitaki apelekewe habari ya kulia." Nikaapa. Ndiyo maana nikakutungia mitumbwi.

Na kula nje sili kwa sababu ninayepika ni mimi. Ndiyo. Cheka. Banda likifungwa siku moja wateja wanahama, na anayepika ndani ya nyumba ile hakuna mwingine. Siku ya kwanza niliunguza maharage mpaka jirani alileta maji. Siku ya pili Mzee Abeid alionja akasema, "Mjukuu, hii ni chakula au ni adhabu?" Lakini sasa! Sasa wanalamba sahani. Naachia hapo nisije nikajisifu.

Sikudanganyi, saa zile ndizo ninazozipenda. Yeye amelala upande wa pili wa pazia, mimi nimesimama na mwiko, na ananipikisha kwa masikio. "Bado. Mawese yanaongea. Ngoja yanyamaze." Nangoja. "Sasa yamenyamaza, tia kitunguu." Hajafumbua macho. Wakati mwingine jua la saa nne linaingia kwenye matundu ya bati, sakafu nzima inajaa sarafu za mwanga zinatembea, na ile sauti nyuma ya pazia inakuwa ya kwako. Nasimama tu. Mimi niko Ujiji, au niko kibarazani kwako nina miaka sita, sijui. Kitunguu ndicho kinachonirudisha, kwa kuungua.

Anakuuliza kwa kuzunguka, kama wewe tu. Juzi kasema, "Boti za Mwamgongo bado zinafika Kibirizi asubuhi?" Nikasema zinafika. Akasema, "Najua. Nilikuwa nauliza tu." Kile chakula cha kopo alichokula Pastory ni yeye alikituma. Alimwona nahodha kwa mbali akamtambua, akampa kijana wa pikipiki apeleke bila kusema kimetoka kwa nani.

Nimevunja kiapo. Nimevunja kwa sababu usiku nikilala nawaza, mtoto akija na yeye yuko na mimi tu, mimi najua maharage, sijui kitu kingine.

Nisamehe. Au usinisamehe, lakini fanya haraka.

Dismasi

*

Mwamgongo,
27 Septemba 2024

Dismasi,

Jumatatu panda boti ya Pastory uje huku. Ufunguo uko kwa Castory wa mashine ya kusaga. Utalala kwangu, utalisha kuku, utaanua dagaa jioni. Tutapishana ziwani, mimi nitakuwa kwenye boti inayoshuka. Usinipungie mkono, nitakuwa natapika.

Usimwambie. Akijua nakuja atainuka kufagia.

Mwambie unakwenda shambani siku mbili.

Leonia

*

Mwamgongo,
2 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Siku ya tatu leo na sijapata hata neno. Nilikupungia, ulikuwa kweli unatapika.

Hapa nimekagua migahawa yote ya Mwamgongo na nimeimaliza kabla ya saa tatu asubuhi, kwa sababu hakuna. Kuna mama anauza maandazi, yakimdondoka mguuni ataumia. Kuku wako mmoja mwekundu ananichukia. Jioni mitumbwi inaingia ziwani na taa zake, zinatandaa mpaka huwezi kusema hapa mbingu imeishia wapi, na mimi nimekaa kibarazani natazama kama mwenye mali. Naelewa sasa kwa nini huwezi kudanganywa ukiwa unakaa hapa. Hakuna kingine cha kutazama.

Niambie. Alisema nini? Alikufukuza? Mtoto? Nimejaribu kupanda kilimani kupiga simu, watu kumi na wanne wamenifuata.

Dismasi

*

Ujiji,
4 Oktoba 2024

Mwanangu Dismasi,

Mtoto bado yuko ndani, anapiga mateke. Muuguzi amekuja leo, amesema tusubiri, kila kitu kiko mahali pake. Hayo ndiyo uliyotaka kwanza, nimekupa kwanza.

Nilifika Jumatatu saa tano. Nguo zilikuwa zimelowa, nilishindwa kwenda moja kwa moja. Nikakaa kwa huyo Mzee wako Abeid nikanywa kahawa, vikombe vinne. Hukusema uongo kuhusu hiyo kahawa. Wazee walinipisha nafasi, hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Mmoja wao nilimtambua. Ni katika wale niliowaacha juani. Na yeye alinitambua, nilimwona. Akanisogezea kashata, akaendelea na habari zake za boti.

Halafu nikazunguka nyuma ya msikiti. Mlango wa banda ulikuwa wazi. Nikachungulia pazia: amelala ubavu wa kushoto, mkono chini ya shavu, vile vile alivyokuwa akilala. Uso umekuwa wa mtu mzima. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Mwamgongo, mengi, mengine nilijifunza kwa kuyarudia na abiria wa pembeni yangu alidhani nasali. Yote yakaondoka. Sikumwamsha. Nikaona sufuria ziko wazi na wateja wa mchana watakuja, nikafunga kanga nikawasha moto.

Nilipika. Mawese yakaongea, yakanyamaza. Nikatia kitunguu. Kulikuwa kimya, mwanga ule wa matundu uliousema unatembea juu ya mikono yangu, nikawa sijui ni mwaka gani, na sikutaka kujua.

Nyuma ya pazia akasema, kwa sauti ya usingizi, "Dismasi. Umerudi? Leo hujaunguza."

Nikasema, "Si Dismasi."

Sikugeuka, mwanangu, nilishindwa kugeuka, nikawa nakoroga tu maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa. Nilisikia kitanda. Nikasema moyoni, sasa ataniambia nitoke, na nitatoka.

Akasema, "Chumvi iko kwenye kopo la juu, Mama. Hilo la chini ni sukari."

Nikanyoosha mkono nikachukua chumvi.

Shangazi yako,
Leonia